Sera ya Ndani na Mtu wa Nje: Mwongozo wa Aliyekataliwa Chuoni

Dirisha lilikuwa la kioo, na chini yake palikatwa tundu la kupitishia karatasi. Aliye ndani ameketi. Aliye nje amesimama, na akitaka kusikia anachoambiwa lazima ainame. Dada yangu aliinama hivyo, leso mabegani, mkononi bahasha ya kaki yenye vyeti vya binti yake. Tulikuwa tumetoka Malindi na matatu ya alfajiri kwa ajili ya siku ya kuhakiki vyeti, na nyuma yetu foleni ilikuwa imefika getini.

Karani alikigeuza cheti cha KCSE mbele na nyuma, kisha akakilaza juu ya kaunta.

“Mama, huyu alimaliza mwaka 2014. Sisi tunachukua waliomaliza ndani ya miaka mitano.”

“Tangazo halikusema hivyo, mwanangu.”

“Hilo haliwekwi kwenye tangazo. Ni sera ya ndani.”

“Sera ya ndani,” dada yangu akarudia polepole. “Na sisi tuko hapa nje. Tutaijuaje?”

Karani akamwita anayefuata.

Mpwa wangu hakuwa amelala miaka yote saba tangu amalize shule. Alipata alama ya C, alama ambayo tangazo lenyewe lilisema inatosha. Mama yake anauza mahamri na mbaazi asubuhi, na kwa biashara hiyo unaweza kusomesha mtoto mmoja kwa wakati mmoja; zamu ya kaka yake ilikuja kwanza. Yeye akaingia hotelini kutandika vitanda, akaweka akiba, akajifungua, akarudi kazini, corona ikafunga hoteli mwaka 2020, akaanza upya. Yeyote anayeishi kati ya Malindi na Kilifi anawajua vijana wa namna hiyo, wamejaa mitaani. Kuwaambia kwamba cheti chao kimezeeka ni kuwaambia kwamba umaskini wao umewaozesha. Cheti cha KCSE si tui la nazi, kilale usiku mmoja kichache.

Mwongozo huu ni wa kijana aliyekataliwa kwa sharti ambalo hakuonyeshwa kabla hajalipa ada ya maombi. Kejeli yote iliyomo inaiendea sera ya ndani. Na kiumbe huyo anastahili kukejeliwa: hana tarehe ya kuzaliwa, hana sahihi ya mzazi, haonekani ubaoni wala kwenye fomu, ila siku ya kuhakiki vyeti anatoka na meno kamili. Dawa yake ni moja, mwanga. Mlazimishe ajitokeze kwenye karatasi, na mara nyingi utakuta hana hata miguu ya kusimamia.

Basi anza pale pale dirishani. Usilie, na kama machozi yamekuja, yafute kwa mkono mmoja na uandike kwa mwingine. Andika saa, tarehe, dirisha gani, na maneno yenyewe jinsi yalivyotamkwa. Kisha uliza kwa adabu maswali matatu: sharti hili limeandikwa wapi, lilipitishwa lini, na nani alilipitisha? Karani hana lazima ya kuyajua majibu. Yeye ameajiriwa kufungua na kufunga dirisha, na ukimgombeza utakuwa umemgombeza mtu asiye na funguo. Lakini jibu lake liandike, hata kama ni “sijui”. Ukiwa na mtu mwingine aliyesikia, mwombe aandike yake peke yake, siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu zenu hazijaanza kufanana.

Baadaye rudi nyumbani ukaandike barua. Iandike kwa Kiswahili kama ndiyo lugha inayokutoka vizuri. Hakuna anayekufanyia hisani hapo: Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema maombi ya habari yaandikwe kwa Kiingereza au Kiswahili, na kwa asiyejua kuandika, afisa anayepokea ndiye anayepaswa kumsaidia. Barua iwe fupi. Yetu ilikuwa hivi:

“Kwa Msajili wa Chuo. Niliomba kozi tajwa hapo juu na kulipa ada ya maombi katika tarehe zilizoonyeshwa kwenye risiti niliyoambatanisha. Siku ya kuhakiki vyeti niliambiwa kwamba sistahili kwa kuwa nilimaliza kidato cha nne zaidi ya miaka mitano iliyopita. Sharti hilo halimo katika tangazo wala katika fomu. Chini ya Kifungu cha 47 cha Katiba na Sheria Nambari 4 ya 2015, naomba sababu za uamuzi huo kwa maandishi. Chini ya Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria Nambari 31 ya 2016, naomba nakala ya sharti hilo, tarehe lilipopitishwa, kikao kilicholipitisha, na mahali lilipotangazwa. Naomba nafasi yangu ishikiliwe hadi nitakapojibiwa.”

Hakuna matusi humo, hakuna “inasikitisha sana”, hakuna historia ya ukoo. Lakini kila mstari una kazi. Kifungu cha 47 kinampa kila mtu haki ya hatua za kiutawala zilizo za haraka, za kisheria na za haki, na aliyeumizwa na uamuzi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria Nambari 4 ya 2015, ile ya haki katika hatua za kiutawala, inaipa ofisi siku 30 kuandika sababu hizo. Ikinyamaza, na kesi ikafika mahakamani, mahakama inaanza na dhana kwamba uamuzi ulifanywa bila sababu nzuri, mpaka chuo kithibitishe vinginevyo. Isome tena sentensi hiyo. Ukimya wao unageuka kuwa ushahidi wako, ila kwa sharti kwamba uliuliza, na unaweza kuonyesha kwamba uliuliza.

Ndiyo maana nakala ziwe mbili. Moja unaiacha, ya pili inagongwa muhuri wa kupokewa, wenye tarehe, na unarudi nayo. Sisi tulikataliwa muhuri. Tukaambiwa barua iachwe tu, itafika. Tukakaa kwenye benchi la korido. Dada yangu alitoa mahamri yake kwenye mfuko, akawagawia waliokuwa hapo, na saa sita mchana mtu mmoja wa ofisi ya pili akaja akauliza tunasubiri nini. Tukamwambia tunasubiri muhuri. Akauchukua mwenyewe kwenye droo, akaugonga, wino wa zambarau ukaenea kidogo upande wa kushoto. Hiyo ndiyo karatasi yenye thamani kuliko zote tulizonazo nyumbani. Mkinyimwa kabisa, ipelekeni posta kwa rejista na mtume nakala kwa baruapepe. Risiti ya posta nayo ina tarehe.

Tarehe ndiyo roho ya jambo hili, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo vijana wengi wanapopoteza haki yao bila kujua. Swali ambalo jaji atauliza ni dogo: sharti lilikuwepo na likajulikana kabla ya ombi, au lilikuja baadaye? Kwa hiyo kila kitu chenye tarehe kinahifadhiwa. Tangazo lililobandikwa kwenye saiba, lipige picha pamoja na ukuta wake. Ukurasa wa maombi, piga picha ya kioo cha simu kabla haujabadilishwa, maana hubadilishwa. Ujumbe wa M-Pesa usiufute hata simu ikijaa. Ukishafutika, omba taarifa ya miamala. Mpwa wangu alikuwa amefuta. Tukapata taarifa, na mstari mmoja wa shilingi za ada ya maombi ukatupa tarehe na saa hadi sekunde. Picha na karatasi zilizotoka kwenye simu zikienda mahakamani zinahitaji cheti cha ushahidi wa kielektroniki, kwa mujibu wa kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi: nani alipiga, kwa kifaa gani, nani alichapisha, na kwamba kifaa kilikuwa kinafanya kazi sawasawa. Kesi nzuri zimeyumba kwa kukosa ukurasa huo mmoja.

Ukishapata nakala ya sharti, au ukishanyimwa, tafuta makao yake. Kuna masharti yanayokaa kwenye Sheria iliyopitishwa na Bunge. Kuna yanayokaa kwenye kanuni zilizochapishwa katika Gazeti Rasmi. Sheria ya 2013 kuhusu kanuni hizo inataka zipelekwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, la sivyo zinakosa nguvu. Kuna yanayokaa kwenye kitabu cha chuo au kwenye mwongozo wa KUCCPS, taasisi inayogawa nafasi vyuoni. Kuna yanayokaa kwenye kumbukumbu za kikao cha wakubwa. Na kuna yanayokaa kinywani mwa karani tu. Kadiri sharti linavyoshuka ngazi hizo, ndivyo mkono wako unavyopata nguvu.

Nisikudanganye juu ya ngazi ya kwanza. Sharti likiwa kwenye Sheria ya nchi, kusema “sikuambiwa” hakutakuokoa. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Tume ya Mawasiliano na Royal Media Services, iliweka wazi kile ambacho mawakili wanakiita matarajio halali. Pawe na ahadi ya wazi isiyo na utata kutoka kwa mamlaka ya umma. Matarajio yenyewe yawe ya busara. Aliyeahidi awe na uwezo wa kisheria wa kuahidi. Na hakuna matarajio halali yanayopingana na maneno ya wazi ya sheria au ya Katiba. Tangazo la chuo linalosema “C na zaidi, waombaji wote wanakaribishwa” ni ahadi. Tangazo linaloahidi kile ambacho sheria imekataza ni karatasi ya kufungia mahamri.

Hata hivyo, kuwa kwenye Sheria hakumaanishi kwamba sharti linaeleweka. Tazama mvutano wa Chuo cha Mafunzo ya Sheria cha Kenya, pale wanapopita wote wanaotaka uwakili. Jedwali la Pili la Sheria yake ya 2012 lina aya kuhusu nani anastahili kuingia. Moja inamtaja mwenye shahada ya sheria ya chuo kikuu kinachotambuliwa hapa Kenya. Nyingine inataja alama za KCSE: wastani wa C+, na B ya Kiingereza au Kiswahili. Vijana waliopanda ngazi kwa ngazi, kutoka alama za chini hadi stashahada hadi shahada kamili, wakafika mlangoni na kurudishwa kwa sababu ya alama za sekondari. Je, aya hizo zinasomwa pamoja, au kila moja inasimama peke yake? Majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana mwaka hadi mwaka. Mwaka 2022 shauri la wahitimu wapatao 42 lilikuwa mbele ya Mahakama ya Rufaa, na ugomvi wote ulikuwa wa nusu ukurasa. Ikiwa majaji wenyewe walihitaji miaka kukubaliana maana ya nusu ukurasa, chuo kina wajibu wa kumwambia mwombaji usomaji wake kabla ya kupokea ada, si baada ya shahada ya miaka minne. Kwa hilo sioni hoja ya upande wa pili.

Wahindi wamelisema jambo hili kwa lugha ya uwanjani: kanuni za mchezo hazibadilishwi mchezo ukishaanza. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya India ilikataa alama za chini za usaili zilizoingizwa baada ya mchakato wa kuajiri majaji wa wilaya huko Andhra Pradesh kuanza, na Novemba 2024 majaji watano wa mahakama hiyo hiyo wakaithibitisha kanuni hiyo. Ilikuwa habari ya ajira, si ya vyuo, na hukumu ya India haimfungi jaji wa Malindi. Anaweza kuisoma, na wakili wako anaweza kumpelekea.

Hapa kwetu kuna kesi ya mwaka 2011 ambayo inafaa uijue, kwa sababu walioileta walishindwa. Serikali ilikuwa imegawa nafasi za shule za kitaifa kwa mafungu kati ya shule za umma na za binafsi, wakati watoto walikuwa wameshafanya KCPE ya 2010. Wazazi wa shule za binafsi wakaenda Mahakama Kuu Nairobi, na mahakama ikasema kutendewa tofauti peke yake si ubaguzi. La kuangaliwa ni kama tofauti hiyo haina haki. Nikimfikiria mtoto wa shule ya umma kule Ganze, anayesoma chini ya mwembe, nakubaliana na hukumu ile. Ila kwako wewe funzo ni hili: usiende kortini ukisema tu “wengine wamechukuliwa, mimi nimeachwa”. Onyesha tofauti ile inamuumiza nani na kwa nini si haki. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na kati ya misingi kinayoitaja mmo umri, ujauzito, hali ya ndoa, mavazi na asili ya kijamii. Sharti la miaka mitano halisemi neno “mwanamke” wala neno “maskini”. Lakini hesabu walioachwa nje kwa sababu yake uone ni akina nani.

Pwani hii tunayajua vizuri masharti yasiyotajwa. Wapemba wa Kilifi na Kwale waliishi hapa kwa vizazi bila kutambuliwa kuwa raia. Hakuna tangazo la chuo lililowahi kuandika “Wapemba wasiombe”. Lilihitaji tu kitambulisho, na kitambulisho hawakupewa, na mvuvi wa Mayungu alijua mtoto wake anaishia wapi. Walipotambuliwa, na tarehe 28 Julai 2023 vitambulisho vikatolewa Kilifi, wapo waliokuwa na mvi tayari.

Sasa, kabla ya korti, malizia milango ya ndani. Hili watu hawalipendi, na mimi nalielewa, lakini Sheria ya 2015 inasema hivyo, na tangu kesi ya Spika wa Bunge na Njenga Karume, mwaka 1992, mahakama zetu zimekuwa zikirudisha watu waliopita dirishani wakati mlango upo. Kama chuo kina kamati ya rufaa, ikatie rufaa. Kama ni chuo kikuu, muulize msajili rufaa inakwenda wapi. Mambo ya elimu ya sheria yana baraza lake la rufaa. Kama njia hizo zinachukua miezi na muhula unaanza wiki ijayo, unaweza kuiomba mahakama ikuruhusu kuziruka, lakini uombe wazi na utoe sababu, usizinyamazie tu. Ombi la habari nalo lina saa yake: siku 21. Wakikunyima, nenda kwa Ombudsman, ile tume ya haki za kiutawala, ndani ya siku 30. Hawatozi kitu, na barua yenye nembo yao huamsha ofisi zilizokuwa usingizini.

Kama chuo ni cha binafsi, usikubali kuambiwa kwamba Katiba haikihusu. Sheria ya 2015 inawagusa hata wasio serikali pale uamuzi wao unapogusa haki za mtu, na Kifungu cha 35 kinakupa habari iliyo mikononi mwa mtu binafsi ikiwa unaihitaji kulinda haki yako. Na kama umeshachoka na chuo chenyewe na unataka fedha zako tu, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai ya hadi shilingi milioni moja na inapaswa kumaliza ndani ya siku 60.

Ikibidi korti, usiidharau ya Malindi ukakimbilia Nairobi. Mahakama Kuu ipo hapa hapa. Mwaka 2016 chama cha mawakili wa Malindi kilipinga mabadiliko ya sheria za mahakama yaliyopitishwa na Bunge, kikashinda hapa hapa, na mahakimu nchi nzima wakaguswa, hata kama mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa iliigeuza hukumu ile. Kifungu cha 22 kinasema ada haitozwi kwa kuanzisha shauri la kutetea haki za Katiba, na kanuni za 2013 zinamruhusu jaji kupokea hata barua ya kawaida. Hiyo isikufanye uende peke yako kama kuna njia nyingine. Muulize wakili aliye karibu kama atakusaidia kwa bei ya huruma, au yaone mashirika ya haki, MUHURI na Kituo cha Sheria, kule Mombasa. Kesi ya hijabu ya Isiolo inatuonyesha kwa nini: Mahakama ya Rufaa iliwakubalia wanafunzi kuivaa shuleni mwaka 2016, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaiondoa hukumu ile kwa kuwa dai lenyewe lililetwa na mtu aliyeingia ndani ya kesi ya mwingine, si kwa shauri lake. Haki waliyoitafuta haikufikiwa, kwa sababu ya mlango walioingilia.

Siku ya kwanza kabisa kortini, omba amri ya muda ya kushikilia nafasi yako. Hili lisisubiri. Uamuzi ukichelewa mwaka na nusu, darasa limejaa, wenzako wako mazoezini, na chuo kitasema hakuna tena cha kuamuliwa. Amri ya kufuta uamuzi wa ofisi ina kikomo cha miezi sita kwa sheria ya zamani, na ile mpya inataka usikawie bila sababu. Mimi nakwambia usivuke miezi miwili. Ujue pia utakachopata. Majaji hawapendi kukaa kwenye kiti cha msajili wakagawa nafasi. Mara nyingi wataufuta uamuzi na kukirudishia chuo kiamue upya, safari hii bila sharti la kificho. Kwa mtu aliyekuwa anataka sare na kitambulisho cha mwanafunzi, hilo linaweza kuonekana dogo. Si dogo. Chuo kinalazimika kuamua tena hadharani, na kinajua unasoma kila neno.

Sisi hatukufika kortini. Siku ya 27 baada ya muhuri wa zambarau, barua ilikuja, mistari minne. Ilisema sharti la miaka mitano lilipitishwa katika kikao cha usimamizi, na ikataja tarehe ya kikao. Dada yangu hasomi sana, lakini tarehe anazisoma, kwa sababu ya deni la unga dukani. Aliiweka ile barua mezani kando ya taarifa ya M-Pesa, akaweka kidole kimoja hapa na kingine pale. Kikao kilikaa wiki tatu baada ya binti yake kulipa.

Tukaandika rufaa ya ukurasa mmoja: tarehe mbili, na swali moja. Hawakuomba radhi, na muhula wa Septemba ulikuwa umeshampita. Hakuna aliyemrudishia miezi ile minne. Wakampa nafasi ya Januari.

Siku ya kuripoti tulirudi kwenye dirisha lile lile. Karani alikuwa yule yule, akamkaribisha vizuri, akamwonyesha mahali pa kutia sahihi. Dada yangu akainama tena kwenye tundu.

“Na ile miaka mitano, mwanangu, siku hizi mnaiweka wapi?”

Karani akanyoosha kidole ukutani nyuma yetu. Ubaoni palikuwa na karatasi mpya, ikiwa na pini nne na nembo ya chuo, na sharti limeandikwa kwa herufi kubwa. Mpwa wangu akaweka sanduku chini, akatoa simu, akaipiga picha mara mbili, ya pili kwa karibu ili tarehe ionekane. Kuna binti wa jirani, alisema, naye alimaliza zamani na tayari ameshalipa.